Moyo wa Kulipa Deni

Hotuba ya Kamati, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nchiru, na kupigwa chapa katika kijitabu hiki kwa azimio la wanachama



Mkutano uliopita uliiagiza Kamati izungumze leo juu ya madeni. Neno lenyewe si tamu, na twajua ya kwamba wako wanachama ambao, walipoliona katika barua ya mwaliko, waliamua kubaki nyumbani. Viti vyao twaviona. Hotuba hii itawafikia ndani ya kijitabu, kwa hiyo twasema nao pia, na pengine twasema nao zaidi kuliko ninyi mliofika.

Hatukusimama hapa kama watu wasafi. Sisi wa Kamati tumekuwa wadeni, tena wadeni wa kuchelewa na wa kujificha. Wanachama wapya hawajui habari hizo, na wa zamani huenda wameanza kuzisahau, maana kovu likishapona mtu huacha kulitazama. Basi tuanze na habari zetu wenyewe.

Mwezi wa Novemba 2018 chama hiki kilikopa shilingi 400,000 katika benki moja ili kununua mahema mawili na viti mia mbili vya plastiki, vya kukodishwa katika arusi, mazishi na mikutano. Masharti yalikuwa kulipa shilingi 13,500 kila mwezi kwa muda wa miaka mitatu. Miezi kumi na mitano ya kwanza ilikwenda vizuri kabisa. Viti vilijilipia vyenyewe, nasi tukajiona kuwa watu wenye akili nyingi za biashara. Kumbe hatukuwa tukilipa sisi. Waliolipa ni wale waliotukodi. Jambo hilo hatukulitambua mpaka siku walipotoweka.

Mwezi wa Machi 2020 Serikali ilikataza mikusanyiko kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Arusi zikaahirishwa, na mazishi yakapunguzwa hadi watu kumi na watano. Ni nani atakayekodi viti mia mbili kwa watu kumi na watano? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambacho kimesimama hapa Nchiru juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke, na ambacho ndicho uhai wa soko letu, kikafungwa kama vyuo vyote vya Kenya. Wenye vyumba vya kupangisha wakabaki na funguo mkononi. Vijana wa bodaboda wakakaa kando ya barabara ya Maua tangu asubuhi hata jioni pasipo abiria. Na waliokuwa wamekopa kwa kutegemea miraa wakapata pigo lao peke yao: ndege za kupeleka miraa Somalia zilisimama Machi ule ule, na soko lile halikufunguliwa tena mpaka Julai 2022. Kabla ya hapo Uholanzi ilikuwa imekwisha funga mlango mwaka 2013, na Uingereza mwezi wa Juni 2014. Twayataja hayo ili mtu yeyote asiinuke hapa na kusema ya kwamba kila mdeni ni mvivu. Mwenye kutaka kusema hivyo na aende Tigania au Igembe, amwambie mkulima wa miraa uso kwa uso.

Basi mahema yakakunjwa. Deni lililosalia lilikuwa malipo ishirini na moja, yaani shilingi 283,500. Mwaweza kutuuliza tulifanya nini. Jibu ni kwamba kwa muda wa miezi mitatu hatukufanya neno lo lote. Mweka hazina aliacha kupokea simu asizozijua. Wawili wetu, wakishuka mjini Meru kwa shughuli zao, walikuwa wakizunguka nyuma ya soko ili wasipite mbele ya mlango wa benki. Mkutano wa Aprili haukuitwa, wala wa Mei. Mmoja alisema tuuze mahema, lakini nani angenunua hema mwaka ule? Tulipoulizana kwa siri kwa nini tumekaa hivi, kila mtu alijibu ya kwamba hana moyo. Tulidhani ya kwamba moyo ni kitu kinachokuja chenyewe kama mvua, nasi tumekaa barazani tukiyatazama mawingu.

Aliyetutoa hapo ni mama mmoja mzee, mwanachama tangu mwanzo, ambaye hajasoma hata darasa moja. Alitujia akatuuliza:

“Wanangu, mmekwenda kuwaambia?”

Tukamjibu, “Mama, tutakwenda na nini mkononi?”

Akasema, “Sikuuliza habari ya mkono. Nimeuliza habari ya mdomo.”

Tukaenda. Twakiri ya kwamba tulikwenda kwa kumwonea yeye haya, si kwa ushujaa. Nasi tukakuta ya kwamba mlango tuliokuwa tukiukwepa ulikuwa wazi siku zote, maana tangu Machi Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeyaelekeza mabenki kusikilizana na wale waliodhuriwa na ugonjwa ule. Muda wetu ukaongezwa. Tangu Julai 2020 tungelipa shilingi 9,500 kila mwezi, malipo thelathini na matatu. Atakayefanya hesabu ataona ya kwamba jumla ilipanda kutoka 283,500 hadi 313,500. Shilingi 30,000 zile ndizo bei ya muda. Mtu asidhani ya kwamba kuongezewa muda ni kusamehewa. Muda hununuliwa kama sukari. Hata hivyo twasema bila kusita ya kwamba tulifanya vema kuununua, na kosa letu lilikuwa kuchelewa miezi mitatu kwenda kuuliza bei.

Sasa ilibaki kazi. Hatukuwa na biashara, lakini mikono tulikuwa nayo, na msimu wa kuandaa mashamba kwa mvua za Oktoba ulikuwa ukikaribia. Tukakubaliana kuchukua vibarua vya kulima kwa pamoja, kwa ujima kama walivyofanya mababu, lakini ujira uingie katika mfuko wa chama. Siku ya kwanza, Jumamosi, tuliwangojea wanachama thelathini na mmoja. Wakaja kumi. Walilima siku nzima kwa shilingi 350 kila mtu, na jioni tukawa na shilingi 3,500. Mmoja wetu alicheka alipoziona. Alisema, “Huku ni kuuzima moto wa msitu kwa kikombe cha chai.” Hatukuwa na la kumjibu. Shilingi 6,000 zilizopungua zilichangwa na wanachama ishirini na wanne, 250 kila mmoja, na wengine walitoa kwa kununa.

Siku ile ile katibu alifanya jambo ambalo wakati ule tuliliona kuwa la kitoto. Aliazima ubao wa shule ya chekechea, akausimamisha mahali petu pa mkutano, akaandika kwa chaki: 313,500. Chini yake akaandika 9,500, akapiga mstari, akaandika 304,000. Kisha akaenda zake. Wanachama walikuja mmoja mmoja kuutazama ubao ule. Wengine walisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyotaka. Hesabu ya deni ilikuwa imeshuka, na iliyoishusha ni mikono ya watu kumi tunaowajua kwa majina, ambao malengelenge yao bado hayajapona. Jumamosi ya kwanza ya Agosti walikuja watu kumi na saba. Hatukuwa tumewahubiria neno. Yule aliyecheka alikuwa wa tatu kufika, tena alikuja na jembe mbili.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo lililotufanya tuisimamishe hotuba hii mbele yenu. Tulikuwa tumengoja moyo ndipo mkono ufuate; kumbe mkono hutangulia, na moyo huja nyuma yake ukiona njia imekwisha fyekwa. Lakini ni lazima mtu aione njia hiyo kwa macho. Wazee waliopo hapa walisikia kwa baba zao habari za kodi ya kibanda ya wakati wa utawala wa Waingereza, jinsi watu walivyoiacha Meru na kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili wapate fedha za kodi. Walifanya kazi ngumu kupita yetu. Lakini kodi ile ilianza upya kila mwaka kama kwamba hakuna kilicholipwa, na kazi ya namna hiyo humchosha mtu pasipo kumpa moyo. Deni letu lilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa umeandikwa ubaoni.

Msidhani ya kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Tulikodi shamba la ekari moja na nusu tukapanda maharagwe, na mvua za mwisho wa mwaka 2020 zikawa haba. Tulitazamia magunia manane, tukavuna matatu. Mwezi wa Januari 2021 tulilipa kwa kuchanga, na kwa shida. Mikusanyiko iliporuhusiwa tena kidogo kidogo, mahema yalifunguliwa, na hapa twaona haya kusema ya kwamba mapato yetu yalirudi kwanza kwa njia ya mazishi. Wengine kati ya marehemu wale walikuwa wamelima pamoja nasi. Tulikodisha kwa nusu bei, na kwa wanachama bila malipo, na deni likaendelea kushuka polepole mno. Lililipwa lote mwezi wa Machi 2023, mwezi ule ule uliotajwa katika mkataba mpya. Siku hiyo katibu aliandika sifuri ubaoni, akaurudisha ubao chekechea. Walimu walikuwa wameudai mara nyingi. Nalo lilikuwa deni.

Katika siku zile za kulima, mwalimu mmoja miongoni mwetu alikuwa akitusimulia habari wakati wa kupumzika, na moja yazo imetukaa. Ni habari ya Mmarekani, mwandishi wa vitabu, aitwaye Samuel Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain. Mtu huyo alitia fedha nyingi katika mashine ya kupanga herufi za chapa, ambayo haikufanikiwa, na mwaka 1894 kampuni yake ya kuchapisha vitabu ikafilisika. Sheria ingemruhusu kulipa sehemu tu na kuachiliwa. Yeye na mkewe Olivia waliazimia kulipa yote. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na mwili usio na afya nzuri, alianza safari ya kuizunguka dunia akihutubia watu kwa kiingilio. Kazi hiyo ya jukwaani alikuwa haipendi. Alifika Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Safari ilipokwisha, mwezi wa Agosti 1896, akiwa Uingereza, alipata habari ya kwamba binti yake Susy amekufa kwao Marekani. Aliendelea kuandika kitabu cha safari ile, na mwanzoni mwa mwaka 1898 wadai wake wote walikuwa wamelipwa kamili.

Twapenda mwiangalie sehemu moja ya habari hiyo ambayo wasimulizi wengi huipita. Clemens hakuishika fedha yake mwenyewe. Rafiki yake, Henry Rogers, mfanyabiashara wa mafuta, ndiye aliyesimamia hesabu na kuzungumza na wadai, naye Clemens akabaki na kazi ya kutafuta. Mtu aliyekuwa na akili ya kuchekesha dunia nzima alikubali ya kwamba katika mambo ya fedha anahitaji mwenzi. Sisi ni nani tukatae?

Na sasa tuwageukie vijana wetu, hasa waliosoma hapa chuoni na kubaki Nchiru kutafuta maisha. Wengi wenu mna deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Tumewaona mkiificha habari yake kama ugonjwa. Haifai kufichwa. Riba yake ni asilimia nne kwa mwaka, ambayo ni nafuu kuliko ya benki yo yote mtakayoikuta mjini. Linaloumiza ni kunyamaza, maana anayetakiwa kuanza kulipa, mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, asipofanya hivyo, hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na jina lake laweza kupelekwa katika orodha ya wasiolipa. Kijana akikaa miaka miwili bila kusema neno, adhabu peke yake ni shilingi 120,000. Hakuna jembe litakalomfikisha mbali akishindana na hesabu hiyo. Asiye na kazi na aandike kwa Bodi awaeleze hali yake mapema. Bodi imewahi kuwasamehe adhabu wale waliojitokeza kulipa deni lote. Hatujasikia ya kwamba imewahi kumsamehe mtu kwa kujificha.

Tena kumbukeni fedha hiyo ni ya nani. Inayorudishwa hukopeshwa tena kwa wanaofuata. Mtoto wa jirani yako aliye kidato cha nne sasa hivi huenda akalala chuoni kwa fedha ambayo iko mfukoni mwako. Mmoja wa vijana wetu alituambia ya kwamba alipolifikiri deni kwa namna hiyo, aliacha kuiita “pesa ya Serikali” akaanza kuiita “karo ya Mutuma,” yaani ndugu yake mdogo. Analipa kila mwezi kwa kuuza maziwa. Si fedha nyingi, lakini analipa.

Kuna na madeni ya simu. Mababu walikopeshana mbuzi na ng’ombe mchana, mbele ya mashahidi, na ugomvi ukitokea uliletwa kwa wazee. Leo mtu hukopa usiku wa manane, amelala, bila shahidi ila kioo cha simu yake. M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, na Hazina ya Hasla Novemba 2022. Hatusemi ni vitu vibaya. Mama aliyepata shilingi mia tano alfajiri akanunua nyanya akaziuza kabla ya adhuhuri ametumia akili. Lakini tumewakuta wanachama wanaokopa hapa ili kulipa pale, na pale ili kulipa hapa, na huko si kulipa. Mtu wa namna hiyo hukimbia siku nzima, na jioni hesabu iko palepale, au imepanda. Mtu aliyefikia hapo asiongeze mwendo. Kwanza asimame, aandike madeni yote katika karatasi moja, aonyeshe karatasi hiyo kwa mtu mmoja anayemwamini. Twajua ni vigumu. Sisi tulizunguka nyuma ya soko.

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Mfuko wa mikopo wa chama hiki umepungua kwa sababu baadhi ya wanachama waliokopa wameacha kulipa, na walipoacha kulipa wakaacha kuja. Kupotewa na fedha kunatuumiza, lakini kupotewa na watu kunatuumiza zaidi, maana chama cha ustawi kinachowafukuza wanachama wake siku za shida kimejipa jina la uongo. Mmoja wao alifiwa na mama yake mwaka huu, akaona haya kututangazia, tukasikia habari baada ya maziko. Viti vya chama vilikuwa ghalani. Neno hilo limetukosesha usingizi.

Kwa hiyo Kamati imeazimia haya, na mkutano umeyakubali. Faini ya kuchelewa imesimamishwa hadi Mkutano Mkuu ujao. Kazi ya Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi inarudi. Mwanachama mwenye deni akija kulima, ujira wake wa siku utaandikwa katika deni lake mwenyewe. Asiye na deni, ujira wake utaingia katika mfuko. Kila mwenye deni atamchagua mwenzi wa daftari, mtu ye yote ampendaye ndani ya chama, watakaotazama hesabu pamoja. Ubao utasimamishwa tena, nao utakuwa na tarakimu tu. Majina hayataandikwa. Kila mtu ataijua tarakimu yake, na hiyo yatosha.

Mzee mmoja wa Kamati alipinga, na ni haki mkajua hoja yake. Alisema, mtu mwenye deni la shilingi 30,000, akilipwa shilingi 400 kwa siku moja ya kila mwezi, atahitaji Jumamosi sabini na tano, yaani zaidi ya miaka sita. Hesabu yake ni sahihi. Tulimjibu ya kwamba Jumamosi hiyo haikukusudiwa kulimaliza deni. Imekusudiwa kumwonyesha mtu tarakimu ikishuka mara moja, mbele ya wenzake, kwa jembe lake. Jumatatu inayofuata atajua mwenyewe pa kwenda. Mzee hakuridhika sana, lakini amesema atakuja kuona.

Wagonjwa na wasioweza kulima wasibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Waje, kuna maharagwe ya kupura na chai ya kupika. Na wale ambao viti vyao ni vitupu leo, wajumbe wawili watapita kwenu kabla ya mwisho wa mwezi. Hawatabeba hati ya madai. Wataleta kijitabu hiki, na kuwaambieni shamba liko wapi.

Tutaanza saa moja asubuhi. Ubao tumekwisha uomba chekechea, na safari hii tumewaahidi walimu siku ya kuurudisha.